Kupima baruti ya .38 Special: mizani ya gramu inatosha?

Binti_Tanga (Boise, Idaho)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba ushauri wa mtu anayepakia risasi kwa mikono yake, si wa aliyeona video tu.

Nina rivolva ya .357 Magnum, mtutu inchi 6, lakini kwenye mazoezi napiga .38 Special peke yake. Jirani yetu, mzee wa hapa hapa Boise, ameacha kulenga shabaha kwa sababu ya macho, akaniuzia vifaa vyake kwa bei ya chee: presi ya kupakia risasi moja moja, kalibu ya kumwagia vichwa vya risasi vya greni 158 (greni ni kipimo cha uzito), kipimio cha baruti cha kuzungusha kwa mkono, vibao viwili vya mbao vyenye matundu 50 kila kimoja, na mizani ya zamani ya mhimili. Vichwa nimeshamwaga vya kutosha, nimevipaka nta, vinang'aa. Baruti bado sijaigusa.

Nafanya kazi famasi, kwa hiyo kupima vitu vidogo si kugeni kwangu. Ila sisi ni watu wa miligramu, na hivi vitabu vya kupakia vinasema greni. Nyumbani nina mizani ya kielektroniki inayosoma hadi gramu 0.1. Je, nikigeuza hesabu, inatosha? Au nitumie ile ya mzee?

La pili, kipimio kile cha kuzungusha, mnakiamini au mnapima kila dozi kwenye mizani? Na nikishamaliza kupakia, naweza kupima risasi nzima nzima ili nigundue iliyoingiwa na baruti mara mbili au isiyo na kitu?

La mwisho: pamoja na vifaa kuna kopo la baruti lililofunguliwa, lebo imechubuka haisomeki. Mzee anasema ni ile ile anayotumia siku zote. Ni karibu nusu kopo na baruti siku hizi si rahisi.

Wafula_MN (Minnesota)

Karibu dada. Nianze na mizani kwa sababu jibu lake ni fupi: hiyo ya gramu 0.1 usiitumie.

Greni 1 ni miligramu 64.8, yaani gramu 1 ina greni 15.43. Tuseme kitabu kinasema greni 4 (natoa mfano wa hesabu tu, usiichukue kama dozi). Hiyo ni kama gramu 0.26. Mizani yako itakuandikia 0.3. Lakini 0.3 ya mizani hiyo ni kitu chochote kati ya 0.25 na 0.35, ambayo ni kuanzia greni 3.9 hadi 5.4. Sasa fungua kitabu uangalie .38 Special kwa baruti zinazowaka haraka: kutoka dozi ya kuanzia hadi ya mwisho mara nyingi haifiki greni 1. Kwa hiyo unaweza kuwa umeshapita kikomo na kioo kinakuonyesha namba ile ile.

Unahitaji inayosoma greni 0.1, ambayo ni kama miligramu 6.5. Za kielektroniki za kupakilia risasi zipo. Ukinunua, iwashe mapema ipate joto, iweke mbali na feni na tundu la hewa ya hita, na simu usiilaze karibu nayo. Ukiinua kisahani kitupu inatakiwa isome ile namba ya hasi ile ile kila mara. Siku ikisoma tofauti, simama, uirudishe sifuri kabla hujaendelea. Na hakikisha kila ukiiwasha kwamba iko kwenye greni, maana nyingi zina kitufe kimoja cha kubadili kati ya gramu, greni na aunsi, na kidole kikigusa hujui.

Mzee_Kitwana (San Antonio, Texas)

Marahaba mwanangu. Nilikuwa fundi wa kukereza vyuma, Mombasa na baadaye huku Texas, na .38 Special ndiyo risasi ninayoipakia kuliko zote. Wafula amesema vyema. Mimi nitaongeza marefu kidogo, kwa sababu hili jambo naliona watu wanaliendea kinyume: wanahangaika na sehemu ya kumi ya greni, halafu lile la kuangalia ndani ya ganda wanalipitia juu juu.

Ganda la .38 Special ni la 1898, enzi ambayo baruti nyeusi ilikuwa bado inatumika, na baruti nyeusi inataka nafasi. Ndiyo maana ganda ni refu. Leo tunatia baruti isiyo na moshi, greni chache tu, na zinalala chini kabisa, sehemu kubwa ya ganda ni hewa. Ukimimina mara ya pili kwa kusahau, haimwagiki. Ukiweka kichwa juu yake, kinakaa sawasawa kama kawaida. Hakuna kitakachokuonya mkononi. Kikomo cha shinikizo cha .38 Special kilichowekwa na SAAMI, taasisi ya Marekani ya viwango vya silaha na risasi, ni paundi 17,000 kwa inchi ya mraba, na cha .357 ni 35,000. Wapo wanaojifariji kwamba rivolva ya .357 itabeba. Dozi mbili za baruti ya haraka hazizidishi shinikizo mara mbili tu. Shinikizo likipanda, baruti yenyewe inawaka upesi zaidi, nalo linazidi kupanda. Silinda imepasuka mikononi mwa watu wenye bastola nzuri kuliko yangu na yako.

Kwa hiyo mizani inakuambia dozi ni kiasi gani. Haikuambii kama umeimimina, wala kama umeimimina mara ngapi. Hiyo ni kazi ya macho, na ndiyo maana nafurahi yule mzee amekupa vibao viwili na si kimoja.

Fanya hivi. Maganda yote yaliyokwisha kutiwa fataki (kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) na kupanuliwa midomo yapange kwenye kibao cha kushoto, mdomo ukitazama chini. Chukua moja, ligeuze, lijaze, liweke kibao cha kulia, mdomo juu. Ganda linalotazama chini haliwezi kuwa na baruti, na linalotazama juu limeshapata. Simu ikilia, mtoto akiita, mtu akigonga mlango, ukirudi huna haja ya kukumbuka ulikuwa umefika wapi. Hamsini zikijaa, washa tochi, inamisha kichwa juu ya kibao, pitia safu moja baada ya nyingine. Usitafute namba, tafuta usawa: baruti yote iwe imesimama kimo kimoja. Yenye dozi mbili inaonekana imepanda juu kuliko wenzake, isiyo na kitu inakuonyesha tundu la fataki chini. Mimi napita mara mbili, ya kwanza safu kwa safu, ya pili nakigeuza kibao robo mzingo, kwa sababu jicho likizoea mstari linaanza kuona linachotarajia. Hapo tu ndipo naruhusu kichwa cha kwanza kuwekwa.

Na ukitilia shaka ganda moja, usibishane nalo. Mwaga, pima upya. Ni nusu dakika.

Sasa kipimio chako cha kuzungusha. Hakipimi uzito, kinapima ujazo: kuna tundu ndani ya ngoma, unalirekebisha kwa skrubu, linajaa ukiinua mkono na kumwaga ukiushusha. Kwa hiyo mkono wako ni sehemu ya kipimio. Ukiinua taratibu leo na kwa haraka kesho, baruti inashindiliwa tofauti. Tafuta mwendo mmoja: juu hadi igonge, subiri kidogo, chini hadi igonge. Dozi kama kumi za mwanzo zirudishe juu, maana baruti ndani ya chombo bado inajipanga. Kisha mimina kumi kwenye kisahani, uzipime kwa pamoja, gawa kwa kumi. Hapo unapata wastani kwa usahihi ambao dozi moja haikupi. Halafu pima tano moja moja, uone zinatofautiana kiasi gani, maana wastani mzuri unaweza kuficha moja pungufu na moja iliyozidi. Baada ya hapo mimi napima moja katika kila kumi, na ya kwanza na ya mwisho ya kila kibao. Chombo cha juu usikiache kishuke chini ya theluthi, kwa sababu uzito wa baruti iliyo juu ndio unaosukuma ya chini.

Kuna jambo moja la hicho kipimio lazima ulijue. Baruti za vipande bapa, zile kama pumba ndogo, zinaweza kushikana kwenye mrija na kuziba. Unashusha mkono, nusu inaanguka, nusu inabaki imening'inia. Ganda hili linapata pungufu. Ukiinua na kushusha tena, ile iliyobaki inaanguka pamoja na mpya, na ganda la pili linapata zaidi ya haki yake. Mizani haitaliona hilo kama zamu yake haijafika, ila tochi italiona, tena kwa maganda yaliyokaa jirani, moja chini na moja juu. Huko Idaho majira ya baridi hewa ni kavu sana, na umeme tuli unafanya baruti igande kwenye plastiki ya faneli. Ukiona chembe zinapanda ukutani badala ya kushuka, pangusa faneli na chombo kwa kile kitambaa cha kulainishia nguo kwenye mashine ya kukaushia, au tumia faneli ya aluminiamu.

Mizani ya mhimili aliyokuachia ni mali. Haina betri wala haijui kupotoka polepole ikipata joto. Iweke mezani isipotikisika, isawazishe sifuri kwa skrubu ya mguu, pangusa vumbi kwenye makali yale inayoegemea. Ila ina mtego wake. Kijiuzito kikubwa kinaruka notchi kwa notchi, na kwenye nyingi kila notchi ni greni 5. Kikikaa notchi moja kando, kila kitu kitaonekana kimetulia vizuri, mshale sifuri, na dozi imezidi kwa greni 5 kamili. Kwa hiyo ukishaiweka, ondoa mkono, usome kwa sauti kijiuzito kikubwa kiko wapi na kidogo kiko wapi, halafu linganisha na kitabu kilichofunguliwa mbele yako, si na kichwa chako.

Halafu ihakiki kwa mawe ya mizani. Si lile la gramu 50 linalokuja na mizani za kielektroniki, maana mizani inaweza kuwa sahihi kwenye 50 na ikadanganya kwenye robo gramu. Wewe mtu wa famasi una bahati hapa: kijiwe cha miligramu 200 na cha 100 vikiwa pamoja ni greni 4.63. Uko karibu kabisa na pale unapofanyia kazi.

Swali lako la kupima risasi zilizokamilika: hapana. Nitakuonyesha kwa nini. Dozi yako yote ni greni chache. Vichwa vya kumwaga mwenyewe vinatofautiana greni 1 kwa urahisi, kimoja kina kijitundu cha hewa ndani, kingine kina nta nyingi. Maganda ya viwanda mchanganyiko yanatofautiana greni kadhaa. Risasi isiyo na baruti kabisa, yenye ganda zito na kichwa kizito, inaweza kusoma sawa na risasi nzima. Ukiziamini namba hizo utakuwa umejipa moyo bure. Baada ya kichwa kukaa, mlango umefungwa. Kama una wasiwasi na kibao kizima, nunua nyundo ya kuchomolea vichwa, uvivunje vyote.

Na lile kopo. Baruti isiyo na jina siitii kwenye ganda, hata aliyenipa awe ndugu yangu wa tumbo moja. Baruti mbili zinaweza kufanana rangi na umbo, na dozi salama ya moja ikawa balaa kwa nyingine. Piga simu zimamoto wa mtaa wako uulize wanazipokea vipi. Kisha nunua kopo jipya la baruti ambayo kampuni iliyoitengeneza imechapisha dozi zake kwa kichwa cha risasi tupu (madini ya risasi yasiyofunikwa shaba), greni 158, kwenye .38 Special. Anza na dozi ya chini kabisa iliyoandikwa. Mezani pawe na kopo hilo moja tu. Ukimaliza, kilichobaki kwenye kipimio kirudishe kwenye kopo lake siku hiyo hiyo, kwanza kwa sababu wiki ijayo hutakumbuka ni ipi, pili kwa sababu baadhi ya baruti zina nitrogliserini na zinakula plastiki ya chombo.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua baruti nyepesi inayojaza zaidi ya nusu ya nafasi iliyopo. Dozi ya pili itamwagika mezani mwenyewe ukiona. Mimi hiyo ndiyo ninayompa kila mtu ninayemfundisha, hata kama inagharimu zaidi.

Juma_Moro (Morogoro)

Wazee heshima kwenu, nasoma kwa makini. Je, huku nyumbani mtu mwenye bastola ya leseni anaweza kufanya haya?

Wafula_MN

Ndugu Juma, usianze. Huku Marekani sheria ya serikali kuu inamruhusu mtu apakie kwa matumizi yake bila leseni, akitaka kuuza ndipo anahitaji. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Leseni ya kumiliki bastola haikupi ruhusa hiyo. Kenya ni vivyo hivyo, kwa sheria yao.

Binti_Tanga

Mzee Kitwana, Mungu akuzidishie. Nimepigia zimamoto, wamesema nilipeleke kopo wenyewe watalishughulikia. Vijiwe vya miligramu nimeagiza. Mizani ya mhimili nimeipangusa na nimeisawazisha sifuri mara tatu, inarudi pale pale.

Nina maswali mawili yamebaki. Kwenye kitabu naona kichwa bapa kile kinachozamishwa hadi kisawazike na mdomo wa ganda kina dozi zake peke yake, na uzito unakaribiana na wangu. Naweza kutumia namba za huko? Na ikitokea nimepiga ikalia vibaya, nifanyeje?

Mzee_Kitwana

Usichanganye. Kile kinazama chote ndani ya ganda, kwa hiyo nafasi ya baruti inabaki ndogo, na nafasi ikipungua shinikizo linapanda hata dozi ikiwa ile ile. Kwa sababu hiyo hiyo, kichwa chako cha 158 kiweke kwenye urefu uliotajwa kitabuni, ubane mdomo kwenye mfereji wake. Kisipobanwa kitasogea mbele ukipiga risasi za kabla yake, na kinaweza kuzuia silinda isizunguke. Na kitabu kikikuambia kichwa cha shaba, dozi zake si zako. Cha risasi tupu ni laini, kinapita mtutuni kwa urahisi zaidi.

La pili sikiliza vizuri. Risasi isiyo na baruti haikai kimya. Fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa kutoka kwenye ganda na kukiingiza mwanzoni mwa mtutu, kikakwama. Utasikia mlio mdogo, kama pop, mkono hautarudi nyuma, na karatasi haitakuwa na tundu. Kwenye mashindano hapo ndipo kidole kinapotaka kuvuta tena, kwa sababu saa inahesabu. Usivute. Risasi ya pili nyuma ya kichwa kilichokwama ndiyo inayotunisha mtutu au kuupasua.

Mtutu uelekee shabahani, hesabu hadi thelathini, kwa sababu pengine ni fataki inayochelewa. Kisha fungua silinda. Ikikataa kufunguka, kichwa kimeshika nusu kwenye silinda na nusu kwenye mtutu. Usiipige ngumi, mwite msimamizi wa uwanja. Ikifunguka, toa risasi zote, halafu pitisha ufito wa shaba kutoka mdomo wa mtutu hadi uone ncha upande wa pili. Usichungulie kwa jicho kwenye bastola ambayo hujaitoa risasi.

Ufito ukigota, kichwa cha risasi tupu kinatoka kwa tone la mafuta na kugongwa polepole kwa ufito unaojaza mtutu, kuelekea kule kilikotoka, upande wa silinda. Mbao usitumie, inavunjika na kujikaza humo ndani. Na zile zilizobaki za kibao hicho usizipige siku hiyo. Zirudishe nyumbani uzivunje, upime kilichomo moja moja, uone kama ni moja iliyorukwa au ni mrija uliokuwa unaziba.

Daftari umeanza? Andika kwenye kila boksi: tarehe, jina la baruti na namba ya toleo iliyo chini ya kopo, dozi, kichwa, urefu wa risasi. Kopo jipya la baruti ile ile lina toleo jingine, na skrubu ya kipimio haitatoa uzito ule ule. Pima upya kumi zako kabla ya ganda la kwanza.

Binti_Tanga

Nimeanza. Ufito wa shaba nimeupata kwenye duka la vyuma, nimeukata inchi 9 na kuuviringisha ncha kwa msasa. Jumamosi napakia ishirini tu, kwa dozi ya chini ya kitabu, nitaweka picha ya kibao kabla sijaweka vichwa ili mniangalilie kimo.

Mzee_Kitwana

Piga picha ukiwa juu kabisa na tochi iwe pembeni, isije ikatupa kivuli. Nitaingia mapema.